Fusuma

Alisema fusuma. Mimi nikasikia sukuma,
nikamjibu ndiyo, Msukuma wa Magu, kwa baba na kwa mama.
Akacheka hadi miwani ikamshuka puani,
kisha akaweka kiganja kwenye ubao, akausukuma:
mlango ukatambaa ndani ya mfereji wake
bila bawaba, bila kelele,
kama mtu aliyechelewa ibadani.

Milango minne. Karatasi nzito juu ya fremu za mninga
alizoziranda Bwire, fundi wa Kirumba,
ambaye hadi leo ananiuliza
mlango usio na kitasa unamzuia nani.

Mimi ni mchora mabango. Nalipwa kwa herufi.
Nimesuka kwa brashi vichwa vya saluni zote za Mabatini,
nimemchora ng'ombe wa bucha akitabasamu juu ya bei yake mwenyewe,
na sijawahi kuacha pembe tupu:
mteja akiona pembe tupu, anadai punguzo.

Bwana Morikawa alinionyesha picha moja, imepauka,
chumba cha bibi yake huko kwao:
msonobari, theluji, korongo mmoja,
na kwingine kote hakuna.
Dhahabu iliyochakaa, na hakuna.
"Nyanzobe, usinichoree msonobari," alisema,
kwa Kiswahili cha miaka kumi na tisa ya pampu za maji.
"Chora anachokiona mtu akikaa hapa sakafuni."

Nikakaa. Bwiru, dirisha wazi.
Siku ya kwanza niliona maji.
Siku ya pili niliona maji.
Siku ya tatu mnandi alitua juu ya jiwe, akatanda mbawa
kama shati lililofuliwa likakosa kamba,
akabaki hivyo hivyo mpaka adhuhuri,
nami nikatambua kwamba jiwe
si lazima lichorwe lote.

Mlango wa kwanza: mawe,
yamepandana kama watoto wanaochungulia harusi.
Wa pili: matete, na mdiria ambaye bado hajaamua.
Wa tatu: furu.
Mama aliwauza kwa fungu, mwaloni Igombe,
kabla sangara hajawala na fungu lao.
Nilimpigia simu kumuuliza rangi ya mapezi.
Akanyamaza. Akasema: kama kaa ukilipuliza.
Akasema: la, si hivyo, ngoja,
na salio langu likaisha.

Wa nne nilipiga mstari mmoja wa kijivu, chini kabisa.
Nikashika brashi, nikaiweka.
Nikaishika, nikaiweka.
Nikapaka vanishi juu ya utupu ule, nikaenda kulala,
na usiku kucha nikausikia mlango ukidai punguzo.

Alfajiri wadudu wa ziwani walikuja.
Wewe wa Mwanza unawajua:
moshi unaosimama juu ya maji pasipo moto,
kisha unaingia ndani, kwenye chai, kwenye masikio.
Nilimkuta mzee amepiga magoti mbele ya mlango wa nne.
Wingu zima limenasa juu ya mstari wangu,
elfu kwa elfu, kila mmoja na mbawa zake,
mahali hasa ambapo mkono wangu uliogopa.
Nikatoa kitambaa.
Akanishika kiwiko.

Alilipa minne. Nilitaka kukataa mmoja,
lakini kodi ya chumba haijui sanaa.

Sasa ukifungua, mdiria anaingia ndani ya mawe,
furu wanapita nyuma ya wingu,
na katikati linabaki ziwa lenyewe,
halijapakwa chochote, linameremeta ovyo.

Nimezoea kuandika namba yangu ya simu pembeni mwa kazi.
Nilimwomba ruhusa. Akafikiri sana, akanionyesha ubavu wa mlango wa tatu,
pale ambapo mbao hufichana.
Iko hapo, kwa rangi nyekundu ya bucha.
Funga yote, utaiona kidogo, tarakimu nne hivi.
Ukiwa na saluni, zilizobaki uje kuniuliza.